Mandhari Ndani ya Udongo: mwongozo kamili wa kuchimba, kufinyanga na kuchoma kazi ya sanaa

Ukitaka mtungi ufanane na bwawa lililokauka, kuna njia mbili. Unaweza kununua udongo uliosafishwa, ukaufinyanga, kisha ukaupaka rangi za bwawa lililokauka. Au unaweza kwenda bwawani na ndoo. Mwongozo huu ni wa mtu wa ndoo.

Niseme mapema kwamba njia ya ndoo ni ndefu na ina hasara. Udongo wa dukani umeshapimwa na mwingine; wa kwako hajaupima mtu, kwa hiyo karibu nusu ya kazi ni majaribio. Anayeyaruka hufinyanga mwezi mzima akaja kuzoa vigae asubuhi moja. Tutafuata chombo kimoja tangu ardhini hadi motoni: mtungi wa kusimama, urefu kama sentimita 25, ganda lake limepasukapasuka kama matope ya kiangazi, umechomwa shimoni kwa moshi. Mbinu nyingine nitazigusa njiani.

Kuutafuta udongo

Tafuta mahali ambapo ardhi imekatwa tayari: kingo za mito, makorongo, pembezoni mwa barabara iliyochongwa karibuni, mashimo ya misingi ya nyumba. Kichuguu nacho kisidharauliwe, kwa kuwa mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini na kuzigandisha pamoja. Wakati wa kiangazi udongo wa mfinyanzi hujitambulisha wenyewe: hupasuka vipande vyenye pembe, na ngozi yake ya juu hukunjamana kingoni. Wakati wa mvua huteleza na kung'ang'ania viatu.

Udongo huu ni mwamba uliooza. Mawe yenye feldispa, madini ya kawaida katika miamba, huliwa na maji kwa muda mrefu sana mpaka yakawa chembe bapa ndogo mno, na ubapa huo ndio unaozifanya ziteleze na kushikana zikilowa. Udongo uliobaki pale ulipozaliwa, kama kaolini, huwa mweupe lakini mgumu kufinyanga. Uliosombwa na maji huwa laini na mtiifu zaidi, ila njiani umeokota chuma, mizizi na mchanga. Ndiyo sababu udongo wa mtoni mara nyingi ukichomwa hugeuka mwekundu: ni kutu tu, chuma kilichokutana na hewa motoni.

Omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Usichimbe jirani na migodi, jalala au karakana za betri na magari, maana sumu za madini ya risasi na arseniki hazionekani kwa macho. Chimba chini ya tabaka la mizizi, na mara ya kwanza chukua ndoo moja tu. Iandike mahali na tarehe. Utakuja kuipenda ndoo hiyo halafu usikumbuke ulikoitoa.

Papo hapo fanya vipimo viwili. Kwanza, lowesha donge, likande, kisha viringisha kijiti chenye unene wa penseli na ukizungushe kidoleni. Kikizunguka bila kupasuka, umepata. Kikichanika kidogo, udongo unafaa ukisafishwa na kulazwa. Kikikatika vipande, huo ni mchanga wenye kujidai. Pili, mwagia siki kwenye kipande kikavu. Ukiona povu, udongo una chokaa.

Mwaka wangu wa kwanza niliidharau siki. Nilichoma kibakuli cha udongo uliojaa vipande vya konokono nisivyoviona, kikatoka kizuri, nikakiweka rafuni. Baada ya wiki tatu hivi, usiku, nikasikia "tak". Asubuhi palikuwa na ganda limeruka ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na katikati ya kovu kitone cheupe kama punje ya chumvi. Siku mbili baadaye likaruka la pili. Chokaa ikifika karibu nyuzi 850 za Selsiasi hutoa hewa yake ya kaboni na kuwa chokaa kali. Ikipoa hunyonya unyevu hewani, huvimba, na kusukuma ukuta ulioizunguka. Chembe zikiwa ndogo sana hazina nguvu hiyo. Kwa hiyo udongo unaotoa povu upitishe kwenye wavu mwembamba kabisa, au uuache pale pale.

Kuusafisha

Hapa watu wengi hukosea kwa kuharakisha. Udongo wenye unyevunyevu ukiutia majini hubaki donge kwa siku nyingi. Ukaushe kwanza juani mpaka ukauke kabisa, uvunjevunje vipande vya ukubwa wa kokoto, ndipo uumimine kwenye ndoo ya maji. Utauona unachemka vibofu na kuporomoka wenyewe. Usiukoroge. Uache hadi kesho yake.

Kesho yake koroga sana, subiri dakika moja ili mawe na mchanga vizame, kisha mimina uji uliobaki juu kupitia wavu: chandarua kikuukuu kilichokunjwa mara mbili kinatosha kuanzia, na kwa udongo wa ngozi ya juu tumia kitambaa cha shashi. Acha uji utulie siku moja au mbili, nyonya maji ya juu kwa mpira, halafu umimine uliobaki ndani ya foronya ya pamba na uitundike kivulini. Ukiweza kuushika bila kunata vidoleni, utoe, ukande, uufunge kwenye plastiki na uuache wiki kadhaa. Utaanza kunuka. Hilo ni jambo jema, vijidudu vinafanya kazi na udongo unazidi kunyumbuka.

Yale mawe na mchanga uliyobaki chini ya ndoo usiyatupe. Yaoshe, yakaushe, yachekeche uyatenge kwa ukubwa kwenye makopo. Ndiyo mandhari yenyewe hayo, na tutayarudisha ndani baadaye.

Majaribio ya vibamba

Kata vibamba vya sentimita 14 kwa 4, unene sentimita 1. Katika kila kimoja chora mstari wa sentimita 10 kamili kwa ncha ya kisu, na uandike namba. Vikikauka pima mstari, vikichomwa pima tena. Mstari ukiwa sentimita 9.4 baada ya kukauka na 8.9 baada ya moto, udongo wako umenywea asilimia 11. Udongo mwingi huangukia kati ya 8 na 15. Ukivuka hapo, au vibamba vikijipinda na kuchanika vikikauka tu, udongo ni mnene mno na unahitaji kitu cha kuufungua.

Kitu hicho ni mchanga, au unga wa vigae, yaani vyombo vilivyochomwa vikavunjika, vikasagwa. Changanya mafungu manne kwa uzito mkavu: moja bila kitu, moja asilimia 10, moja 20, moja 30. Kwa kuchoma shimoni, ambako joto hupanda kwa pupa, mimi sishuki chini ya 20. Punje hizo huacha vinjia ambavyo mvuke hutokea, na hukatiza ufa kabla haujafika mbali. Unga wa vigae ni bora kuliko mchanga kwa sababu umeshapita motoni na hautashtuka tena. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Akimaliza kula na alisage.

Ukishachoma, pima kibamba kikavu kwenye mizani, kilaze majini siku nzima, kifute, kipime tena. Kutoka gramu 150 hadi 171 maana yake kimenywa gramu 21, yaani asilimia 14. Kwa mtungi wa mapambo si neno. Kwa kikombe ni tatizo.

Kuna jaribio moja zaidi kwa mwenye tanuri linalofika mbali. Udongo mwekundu wenye chuma kingi, unaokaa vizuri kwenye nyuzi 1,000, unaweza kuyeyuka kama asali ukifika 1,200. Kwa hiyo kibamba cha jaribio la joto kali kiwekwe ndani ya kibakuli cha udongo unaoujua. Kikimwagika, kinamwagika humo, si kwenye rafu ya tanuri.

Kurudisha ardhi ndani ya udongo

Sasa yale makopo. Mchanga mweusi wa mtoni hutoa madoa. Ulanga hubaki na vimetameta vyake katika joto la shimo, na mtungi wenye ulanga ukiuzungusha juani utadhani umenyunyiziwa umande. Vipande vya itale huwa ngozi ya mwamba ikiwa utavikwangua juu juu udongo ukikaribia kukauka. Na katika nyuzi 1,250 na zaidi, punje za feldispa zilizomo huanza kulainika na kuwa vinundu vyeupe vinavyong'aa, sura ambayo vyombo vya Shigaraki vya Japani vinajulikana nayo sana.

Maganda ya nafaka, unga wa mbao au mbegu ndogo huungua na kuacha matundu. Ukitia robo ya ujazo utapata kitu chepesi kinachofanana na jiwe la volkano. Choma mahali penye hewa, moshi wake ni mwingi.

Kuna visivyotakiwa. Magamba ya bahari na mawe ya chokaa, sababu umeshaisikia. Kokoto nzima za kwatsi, yale madini magumu yanayounda mchanga mwingi, pia: kwatsi hubadilisha mpangilio wake kwa ghafla kwenye nyuzi 573, ikapanuka inapopanda na kunywea inaposhuka, na jiwe zima likifanya hivyo ndani ya ukuta, ukuta ndio utakaopasuka. Punje ndogo hazina madhara.

Kuhusu rangi, usiyaamini macho yako. Udongo wa njano huwa mwekundu, kwa kuwa njano yake ni kutu yenye maji na moto huyaondoa. Matope meusi ya kinamasi hutoka ya kijivu, ya waridi au meupe kabisa, kwani weusi ule ulikuwa wa majani yaliyooza. Mweusi unaobaki baada ya moto kwa kawaida una madini ya manganizi, na huo usiuvute puani ukiwa vumbi wala usisimame kwenye moshi wake. Kusanya rangi tano au sita kutoka mahali pamoja, zifanye uji mzito, zipake kwenye kibamba kimoja na ukichome. Kibamba hicho ndicho ramani yako ya rangi.

Kufinyanga mtungi wenye ganda la kiangazi

Wazo ni hili: ngozi ya nje ikauke kabla ya nyama ya ndani, kisha nyama isukumwe ipanuke. Ngozi haiwezi kuifuata, inapasuka. Ndivyo bwawa linavyofanya, ila lenyewe hunywea na sisi tunavimbisha.

Sukuma bamba la udongo wenye unene wa milimita 12 juu ya kitambaa, kati ya fito mbili ili unene usipishane. Lizungushie kopo au bomba lililoviringishiwa karatasi za gazeti, kipenyo ambacho mkono wako utaingia. Kata miisho miwili kwa mshazari ili ipandane, chanja michoro ya msalaba pande zote mbili, paka uji wa udongo, bana, piga taratibu kwa ubao. Weka kitako kwa njia hiyo hiyo, na ndani ya kila kiungo kandamiza kijikamba chembamba cha udongo. Udongo uwahi ungali maji: kiungo cha majimaji kwa majimaji hushika, cha majimaji kwa kikavu huachana siku ya nne usipotazama. Chomoa kopo, kisha karatasi.

Paka nje tabaka la uji wa udongo wa rangi nyingine, unene kama wa ukucha. Hapa kuna njia mbili. Ya kienyeji ni kunyunyizia juu yake vumbi kavu la udongo uliochekechwa na kulikausha kwa draya ya nywele. Ya pili ni kupaka silikati ya sodiamu, majimaji yanayoganda kama kioo, kabla ya kukausha. Hiyo hutoa mipasuko mikali zaidi yenye kingo safi. Katika zote mbili kausha ukizungusha, mpaka nje pawe pameanza kupauka na kidole hakiachi alama, lakini ndani ukigusa bado ni baridi na laini.

Sasa ingiza mkono au mgongo wa kijiko kikubwa cha mti, na usukume kutoka ndani tu. Kuanzia sasa usiguse nje kamwe. Anza katikati, sukuma kidogo, zungusha, sukuma. Mwanzoni hakitokei kitu na utadhani umekosea. Halafu utaona nyufa nyembamba kama unywele zinajichora wima, zinaunganishwa na nyingine za ulalo, na ghafla mtungi wote una magamba, udongo wa chini ukichungulia kati yake kwa rangi nyingine. Ukitaka mipasuko mikubwa, kausha zaidi kabla ya kusukuma. Ukitaka ya kusambaa kama wavu, kausha kidogo. Simama ukuta ukifikia unene wa milimita 7 hivi. Tamaa ya kusukuma mara moja zaidi ndiyo iliyonitoboa mitungi mingi kuliko moto.

Mdomo usiuchonge ukawa duara kamili. Umeleta kiangazi chote hapa, mdomo wa bomba utauharibu.

Kwa asiyetaka mtungi, alama za ardhi zinachukuliwa kirahisi. Jani ligeuze upande wenye mishipa, lilaze kwenye bamba, lisukume kwa mti, libandue udongo ukishakaza, au liache liungue lenyewe. Gome la mti lipake vumbi kavu kwanza lisinate. Uso wa mwamba ukikupendeza, kandamiza donge la udongo juu yake na karatasi laini katikati, lingoje likaze, likaushe, lichome. Hapo umepata muhuri wa mwamba utakaoutumia miaka mingi bila kumega hata punje ya mwamba wenyewe. Kumbuka tu kwamba muhuri ni kinyume cha mwamba: palipokuwa na bonde pana kilima.

Kukausha, na kung'arisha kwa anayetaka

Funika mtungi kwa plastiki iliyolegea siku mbili, ufunue nusu siku mbili nyingine, kisha uuache wazi kivulini juu ya wavu au vijiti ili kitako nacho kipumue. Upepo wa upande mmoja ni adui. Kujua kama umekauka, uguse kwa shavu. Ukihisi ubaridi, bado una maji.

Ganda lililopasuka halihitaji kung'arishwa. Lakini kama una chombo laini, udongo ukishakaza kiasi cha kutokubonyea, kipake uji mwembamba uliochukuliwa juu kabisa ya ndoo iliyotulia, kisha kisugue kwa kokoto laini ya mtoni kwa mizunguko midogo midogo. Rudia mara tatu. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejenga jina lake kwa vyombo vya namna hii: vimefinyangwa kwa mkono, vikapakwa uji wa udongo, vikasuguliwa, vikachomwa penye hewa kupata rangi ya chungwa, na baadhi vikachomwa tena katika moshi kupata weusi. Hakuna glezi, yaani tabaka la kioo, juu yake; mng'aro ule ni chembe bapa za udongo zilizolazwa chali na jiwe. Moto ukipita sana nyuzi 950 chembe hizo huanza kushikana na mng'aro hufifia.

Moto wa kwanza

Kama una tanuri la umeme, choma kwanza humo, halafu ndipo shimoni. Utapoteza vyombo vichache mno. Ratiba ninayoifuata kwa udongo wa kuchimba ni ya polepole:

- Hadi nyuzi 90, kisha utulie hapo saa 4 au usiku mzima kama kuta ni nene.
- Kutoka 90 hadi 600, nyuzi 80 kwa saa.
- Kutoka 600 hadi 900, nyuzi 120 kwa saa. Udongo mweusi wa kinamasi uupe muda zaidi hapa.
- Fika 950, tulia dakika 15, zima. Usifungue mpaka chini ya 100.

Kila mstari una sababu. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke uliokosa njia hulipua ukuta. Ndiyo maana ya kusubiri chini ya 100. Kati ya nyuzi 450 na 700 hivi hutoka maji ya aina nyingine, yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, na yakishatoka udongo hauwezi tena kurudi kuwa matope. Hapo katikati pia kuna ile 573 ya kwatsi, wakati wa kupanda na wa kushuka. Baada ya hapo kaboni ya mizizi iliyooza inatafuta hewa ili iungue. Ukiikimbiza, itabaki ndani kama kiini cheusi.

Asiye na kipimajoto asome rangi, jioni au kivulini. Wekundu wa kwanza hafifu ni karibu nyuzi 600, wekundu wa cheri ni 750 hadi 800, rangi ya chungwa ni 900 na kuendelea. Wenye matanuri huweka pia koni, vipembe vidogo vya udongo maalumu ambavyo huinama joto lake likitimia, na mimi huiamini koni kuliko saa.

Shimo

Chimba mahali pakavu, mbali na nyasi, miti na kuta, siku isiyo na upepo. Kina cha sentimita 70 kinatosha, upana kulingana na vyombo. Usizungushie mawe ya mtoni, kwani maji yaliyomo huyalipua. Weka ndoo mbili za maji na mchanga karibu. Mbao zenye rangi au dawa zisikaribie.

Kama mtungi haujapita tanurini, hii ndiyo hatua ya kuuokoa: washa moto mdogo ndani ya shimo tupu asubuhi ili ardhi ikauke, huku vyombo vikizunguka pembeni kwa umbali wa hatua moja. Vigeuze kila nusu saa, visogeze kidogo kidogo, mpaka viwe vya moto hata mkono mtupu hauvishiki. Saa tatu si nyingi. Waliopitisha tanurini waruke hili.

Tandika unga wa mbao au maranda kwa kina cha sentimita 15. Kadiri vyombo vinavyozama humo ndivyo vitakavyokuwa vyeusi, kwa sababu unga huungua polepole bila hewa na moshi huingia katika vinyweleo vya udongo. Laza mtungi upande ili magamba yapate moshi tofauti: upande mmoja ndani ya unga, mwingine juu. Kisha vaa glovu na uzungushie vinavyopaka rangi. Nyasi zilizolowekwa maji ya chumvi zikakauka hutoa mistari ya chungwa. Mwani hufanya vivyo hivyo kwa chumvi yake. Waya mwembamba wa shaba huacha michirizi, pengine ya kijani, pengine myekundu kama damu iliyokauka. Maganda makavu ya matunda huacha vivuli vya kijivu. Usitumie vyote pamoja; moto wenyewe una mengi ya kusema.

Juu weka samadi kavu ya ng'ombe kama unayo. Huungua taratibu na kuhifadhi joto. Kisha nyasi, vijiti, na kuni hadi zivuke mdomo wa shimo. Washa kwa juu, si chini: moto unaoshuka hupasha vyombo kidogo kidogo, unaopanda huvivamia. Ongeza kuni kwa saa moja au mbili, mpaka shimo liwe kitanda cha makaa.

Sasa chagua. Ukiacha makaa yaungue wazi, chuma kitakutana na hewa na utapata wekundu na madoa. Ukitaka weusi, fukia makaa yakiwa mekundu kwa samadi iliyosagwa au unga wa mbao, kisha funika kwa bati na udongo, hewa isipenye. Ndivyo mfinyanzi Maria Martinez wa San Ildefonso, New Mexico, Marekani, alivyopata vyungu vyake vyeusi vilivyosifika: samadi juu ya moto, hewa ikakatwa, kaboni ikaingia. Bati liwe kuukuu, lililokwisha kuungua; jipya lina zinki, na moshi wake hudhuru. Simama upande upepo unakotoka.

Halafu nenda ukalale. Kweli. Anayefungua shimo jioni ile ile husikia mlio mwembamba, ting, na huo ni mtungi wake.

Majivu kama kioo

Kwa mwenye tanuri la nyuzi 1,240 hadi 1,300, kuna zawadi nyingine ya ardhi: majivu ya kuni. Yana chokaa nyingi na potasi, na katika joto hilo huyeyusha udongo yaliouangukia ukawa kioo. Wafinyanzi wa China walikuwa na glezi ya namna hii zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Chekecha majivu ukiwa na barakoa na glovu, maana maji yake huchoma ngozi. Anza kwa uzito: majivu 40, feldispa 40, udongo 20. Fanya uji wa mtindi mwepesi, chovya vibamba vya majaribio, visimamishe wima ili uone yanavyotiririka. Hutiririka sana, acha sentimita 1 ya chini ya chombo bila kupaka, na zaidi kama glezi ni nene. Majivu ya kila mti na kila msimu yana tabia yake, kwa hiyo choma mti mmoja peke yake na ujaze kopo kubwa kabla ya kuanza. Kwenye nyuzi 950 mchanganyiko huu hauyeyuki. Utabaki vumbi lililoganda.

Kulifungua shimo

Asubuhi ondoa bati, futa majivu kwa brashi. Mtungi ukiwa na joto la mkono, utoe. Utaona ni mchafu, wa kijivu, na moyo utashuka kidogo. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na brashi laini ya meno ukifuata mipasuko mmoja mmoja, na magamba yataanza kujitenga: jeusi, chungwa, moja lenye kivuli cha jani ulilolisahau. Uache ukauke siku mbili, uupashe kidogo juani, kisha upake nta ya nyuki kwa kitambaa na uusugue. Rangi zitaingia ndani kama jiwe lililoloweshwa.

Ukisafisha eneo la kazi, futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie pakiwa pakavu. Vumbi la silika, madini ya mchanga yaliyomo katika udongo, likiingia mapafuni halitoki. Na mtungi huu usitiwe maji wala chakula, kwa sababu udongo uliochomwa shimoni hunywa kila kitu na shaba imo ukutani mwake. Ukitaka maua mabichi, tumbukiza chupa ya kioo ndani.